Uzoefu wangu: kuuza bidhaa za kampuni ya mtandao nikiwa ughaibuni

Hii ni kwa wale mliohama nchi au mko mbioni kuhama na mna akaunti kwenye hizi kampuni za kuuza moja kwa moja, zile za kujisajili chini ya mtu, unanunua kwa bei ya msambazaji, unauza, na ukiingiza watu unapata asilimia ya mauzo yao. Kampuni yangu siitaji jina, maana mengi nitakayosema utayakuta kwa nyingi tu. Wanauza vipodozi na virutubisho. Nilianza nikiwa nyumbani, mwenzangu akapata kazi Ulaya, tukahama, na biashara nikahama nayo, au tuseme ile sehemu iliyokubali kuhama.

Bidhaa kwanza kwa sababu ndo kila mtu huuliza. Losheni zao ni nzuri kweli, mteja akimaliza kopo anakutafuta mwenyewe hata kama hujaposti kitu. Virutubisho mimi siku hizi sivisukumi, bei iko juu na siwezi kumwangalia mtu usoni nikamwambia vitamtibu kitu, na hata ukitaka kusema hivyo sheria za nchi nyingi hazikuruhusu.

Sasa tuje kwenye kuhama. Kwenye mikutano ya Zoom wanakuambia biashara hii unaibeba kwenye simu, popote duniani unapiga hela. Kinachobebeka ni namba za wateja tu jamani. Mzigo haubebeki. Kwenye mfumo wa kampuni kila nchi ni soko lake, na katalogi yake, bei yake na ghala lake. Siku nimeingia kwenye akaunti nikabadilisha nchi, ukurasa wa oda ukajipakia upya, virutubisho vyote vikapauka rangi ya kijivu, unabonyeza haviingii kwenye kikapu, na chini kwa maandishi madogo kabisa pameandikwa bidhaa hii haipatikani kwenye soko lako. Losheni zikabaki, ila na zenyewe siyo zote.

Watu huwa wanakasirika hapa wanasema kampuni inawabania, lakini kiukweli hili siyo kosa la kampuni. Umoja wa Ulaya kwa mfano una kanuni ya vipodozi namba 1223/2009, kila kipodozi kinachoingia sokoni lazima kiwe na mtu au kampuni iliyoko humo ndani ya Umoja inayowajibika kwa usalama wake, na jina na anwani yake viwe kwenye kopo. Kwa hiyo losheni ileile uliyonunua kwingine ukaileta kwenye begi, ya kupaka mwenyewe hakuna shida, lakini ya kuuza ndo hapana. Na kampuni nyingi zina sharti hilohilo kwenye mkataba, kwamba kwenye nchi ambayo hawajaifungua rasmi unaagiza kwa matumizi yako binafsi tu, ukikutwa unauza wanaifunga akaunti na timu yako inapanda kwa aliye juu yako. Wapo wanaouza kimyakimya, nawaona kwenye status, sijui usiku wanalalaje.

Halafu kuna ushuru. Watu bado wanapigiana hesabu za zamani, oh ukigawa mzigo kwenye vifurushi vidogovidogo hulipi kitu. Ulaya ule msamaha wa VAT kwa vifurushi vya hadi euro 22 ulifutwa Julai 2021, kwa hiyo hata sabuni moja kutoka nje ya Umoja inatozwa. Marekani nao ule msamaha wa hadi dola 800 wakausimamisha mwisho wa Agosti 2025 kwa mizigo ya biashara kutoka nchi zote. Ongeza na ile ada anayochaji msafirishaji kwa kukushughulikia makaratasi ya forodha, faida yote imeliwa. Mimi naagiza kutoka ghala la humuhumu ndani tu, basi.

Ila lililonishangaza kuliko yote ni viza. Yaani kwenye mafunzo yote ya kampuni, video kwa video, hakuna hata moja inayosema habari ya viza. Nilimuuliza dada aliyenisajili, akanijibu kwa voisi, "mdogo wangu hii siyo ajira, wewe ni bosi wako mwenyewe, uhamiaji haiwahusu." Sasa kuwa bosi wako mwenyewe ndo kujiajiri kwenyewe, na viza ya mwanafunzi ya Uingereza inakataza kujiajiri waziwazi. Marekani mwenye viza ya masomo ya F-1 hawezi kufanya kazi nje ya chuo bila kibali. China ndo kabisa, kanuni zao za mwaka 2005 za uuzaji wa moja kwa moja zimeorodhesha watu ambao kampuni haitakiwi kuwachukua kama wauzaji, wamo wanafunzi wanaosoma muda wote, walimu, wanajeshi, na wageni kutoka nje, na malipo ya kupata asilimia kwa watu wa chini yako yamepigwa marufuku. Halafu unamkuta mtu yuko huko anaposti "natafuta watu 5 wenye njaa ya mafanikio." Mimi kibali changu cha kuishi kimeandikwa naruhusiwa kufanya kazi hadi ya kujiajiri, nilikisoma chote kabla sijauza kopo hata moja. Wewe kasome chako, usisome cha rafiki yako.

Kodi nitasema kwa kifupi. Komisheni ni kipato, na kipato kinadaiwa kodi. Marekani mapato halisi ya kujiajiri yakifika dola 400 kwa mwaka unatakiwa kujaza fomu, Uingereza wanakuachia pauni 1,000 za mauzo ya mwaka kabla hawajakuhitaji. Tunza risiti.

Malipo nayapa nyota mbili. Komisheni ya timu yangu ya nyumbani ilikuwa inaingia benki ya nyumbani kwa hela ya nyumbani, na ya huku inaingia huku, na kila upande una kiwango cha chini, ukiwa hujakifikia hela inalala hadi mwezi mwingine. Kwa hiyo unaweza kuwa na hela pande mbili na huwezi kugusa hata moja. Nikawaandikia wanihamishie akaunti yote, nikajibiwa na mtu tofauti kila mara, kila mmoja anaanza na "pole kwa usumbufu" na kuniomba kitambulisho kilekile nilichoshatuma. Ilichukua wiki na wiki. Mwisho walihamisha lakini daraja langu likaanza kuhesabiwa upya.

Na timu yenyewe, mmh. Kuongoza watu walioko nchi nyingine ni kazi ya simu usiku kucha. Wao wakipata nafasi wewe huna, na asiyeshikwa mkono kwenye oda yake ya kwanza hafiki ya pili. Siku hizi sisajili mtu aliye mbali. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, mwaka 2024 walitoa ripoti wakiwa wamepitia taarifa za mapato za kampuni 70 za mtindo huu, wakakuta washiriki wengi walipata dola 1,000 au chini ya hapo kwa mwaka mzima, na hapo gharama hazijatolewa. Nikiangalia taarifa zangu za mwezi siwabishii, kinachonilipa ni losheni ninazouza kwa mkono wangu, hizo asilimia za timu ni vocha tu.

Kitu ambacho sikutegemea kukipenda ni sheria za wateja za huku. Ukimuuzia mtu nyumbani kwake au mahali ambapo siyo duka, Ulaya ana siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu, na wewe muuzaji ndo unatakiwa kumwambia hilo, usipomwambia anaongezewa miezi 12. Jirani yangu mama mmoja mtu mzima alichukua krimu ya uso, nikampa na karatasi ya maelezo ya kurudisha, akaisoma yote palepale mlangoni, miwani puani. Baadaye akairudisha, kopo halijafunguliwa, nikampa hela yake. Wiki iliyofuata akaja na dada yake wakanunua losheni za mwili. Huyo dada ndo mteja wangu mkubwa sasa hivi.

Na kampuni niipe sifa yake kwenye kurudisha stoki. Kanuni za maadili za shirikisho la dunia la kampuni hizi, WFDSA, zinataka msambazaji akiacha biashara, kampuni inunue tena kutoka kwake stoki inayouzika aliyoinunua ndani ya miezi 12 iliyopita, ikikata si zaidi ya asilimia 10. Mimi hata sikuwa naacha, nilikuwa nahama tu, wakanikubalia. Nilipeleka maboksi kwenye ghala lao kabla sijapanda ndege, wakahesabu mbele yangu, hela ikaingia bila kelele. Ila inarudishwa kwenye nchi uliyonunulia, ukishavuka mpaka umekwama nayo, kwa hiyo fanya kabla ya kufunga mabegi.

Kwa ujumla nyota tatu. Oda ya lazima ya kila mwezi nimeifuta, naagiza mteja akiagiza. Wanaoniandikia inbox wanataka kujisajili chini yangu, kama tuko nchi moja karibu tuongee, kama uko kwingine jisajili na mtu wa hukohuko uliko.