Tovuti ya Fomu 34A: nyota nne, na kwa nini ya tano imezuiwa

Usiku wa Agosti 9, 2022, kura zikiwa bado zinahesabiwa kwa mwanga wa taa za chemli madarasani, tume ya uchaguzi ya Kenya, IEBC, ilianza kuweka hadharani picha za Fomu 34A, ile karatasi anayoijaza msimamizi wa kituo baada ya kuhesabu kura za urais. Vituo vilikuwa 46,229, na kila kituo kina fomu yake. Kufikia jioni ya siku ya pili zaidi ya asilimia 90 zilikuwa zimeshapakiwa. Hukuhitaji kujisajili, wala neno la siri, wala ada. Mtu aliyekaa Lodwar aliweza kufungua fomu ya Changamwe na kuisoma kwa macho yake, siku kadhaa kabla mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati, hajasimama pale Bomas, Nairobi, kutangaza mshindi.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027, na ni tume mpya ya Erastus Ethekon itakayoamua tovuti hiyo irudi kwa sura gani. Ndiyo maana inafaa kukaguliwa sasa, kabla ya zabuni na kabla ya kelele za kampeni. Tunaipa nyota nne kati ya tano. Kwa huduma ya serikali ya Kenya hizo ni nyingi.

Kasoro yake kubwa ilizaliwa 2017. Mwaka ule tarakimu zilichapwa kwenye vifaa vya kielektroniki vya tume, KIEMS, vituoni na kumiminika moja kwa moja kwenye skrini za runinga, huku fomu zilizopaswa kuzithibitisha zikifuata kwa kuchelewa, nyingine zikakosekana kabisa wakati wa matokeo kutangazwa. Upinzani ulipodai seva zifunguliwe, tume ikakataa hata baada ya amri ya mahakama. Septemba 1, 2017, majaji wanne dhidi ya wawili wakaufuta uchaguzi. Tume iliyoungua kwa uji ikaanza kupuliza hata maji: 2022 ikaondoa tarakimu zote, ikabakiza picha peke yake. Mwaka 2017 tulipewa tarakimu bila karatasi. 2022 tukapewa karatasi bila tarakimu. Hata jumla ya wadi moja hukuipata humo.

Matumizi yenyewe yalikuwa rahisi. Unachagua kaunti, eneo bunge, wadi, kisha kituo, na unapakua faili la PDF. Shule moja yenye wapiga kura wengi hugawanywa katika mikondo, kwa sababu sheria hairuhusu kituo kuwa na zaidi ya wapiga kura 700, na kila mkondo una fomu yake. Anayetaka kufanya kazi ya maana humo aanze na namba ya kituo, maana majina ya shule hufanana nchi nzima. Namba hiyo ina tarakimu 15: tatu za kaunti, tatu za eneo bunge, nne za wadi, tatu za kituo cha usajili na mbili za mkondo. Kwa hiyo 001001000100101 ni Mombasa, Changamwe, Port Reitz, Shule ya Msingi ya Bomu, mkondo wa kwanza. Ukiandika matokeo kwa kufuata jina badala ya namba, utahesabu kituo kimoja mara mbili na kukiacha kingine, na hutajua kosa liko wapi.

Ukishaifungua fomu, usianze na kura za mtu wako. Jumlisha kura za wagombea wote wanne, ulinganishe na jumla ya kura halali iliyoandikwa chini yao. Kisha ongeza kura zilizokataliwa. Hesabu hiyo isizidi idadi ya waliosajiliwa, na waliosajiliwa wasizidi 700. Kura zilizokataliwa usiziingize unapotafuta ile asilimia 50 na kura moja, kwa kuwa Mahakama ya Juu iliamua tangu 2013 kwamba kinachohesabiwa ni kura halali tu. Halafu angalia sahihi na muhuri, na usome maoni ya msimamizi, sehemu ambayo watu huipita kana kwamba ni tangazo la dawa ya mende. Humo ndimo anapoeleza kwa nini wakala fulani wa chama hakutia sahihi. Fomu isiyo na sahihi ya wakala haibatiliki kwa sababu hiyo peke yake. Kanuni za uchaguzi zinasema hivyo waziwazi. Wanaosambaza fomu za namna hiyo kwenye WhatsApp wakipiga kelele za wizi ama hawajui kanuni, ama wanazijua vizuri sana.

Makosa ya kweli yapo, na mengi hayana njama yoyote. Msimamizi wa kituo ameamka alfajiri kufungua kituo saa kumi na mbili, amekifunga saa kumi na moja jioni, na bado ana masanduku sita ya kuhesabu. Mkono umechoka: 1 inageuka 7, 0 inageuka 6, namba ya mgombea mmoja inaandikwa kwenye mstari wa mwingine. Karatasi inapigwa picha ikiwa imekunjwa, kivuli cha mkono kimelala juu ya safu ya kura, au inapigwa kichwa chini. Mkondo wa pili unapakiwa mahali pa wa tatu. Penye mtandao hafifu fomu inakwama kwenye kifaa mpaka kifaa kipelekwe penye mawimbi, na watu wa mjini wanaoona pengo kwenye tovuti wanaanza kuuliza kituo kimefichwa na nani. Mwaka 2017 tume yenyewe ilisema vituo 11,155 havikuwa na mtandao wa 3G, kwa hiyo jambo hili halikuwa geni.

Kwa nini makosa madogo yatushughulishe hivi? Fanya hesabu. William Ruto alitangazwa kwa kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Ukiigawa kwa vituo 46,229 unapata kura tano kwa kituo. Mstari wa kukwepa duru ya pili ulikuwa karibu zaidi: Ruto aliuvuka kwa kura zisizofika 70,000, yaani kura moja na nusu kwa kituo. Tarakimu moja ya makumi ikisomwa 7 badala ya 1, tayari una kura 60 za kosa katika kituo kimoja. Bila shaka makosa ya uchovu huangukia pande zote na hufutana. Ili yageuze mshindi lazima yaelemee upande mmoja. Lakini hilo haliaminiki kwa kuapa. Linaonyeshwa kwa jedwali la vituo vyote, na jedwali ndilo lililokosekana.

Pengo hilo likajazwa na vyumba vya habari. Chukua dakika mbili kusoma na kuchapa fomu moja: kwa fomu 46,229 ni zaidi ya saa 1,540 za kazi. Waweke watu 50 wasiolala, watamaliza kwa saa 31. Ukitaka kila fomu ichapwe na watu wawili ili makosa yanaswe, zidisha mara mbili. Hakuna stesheni iliyokuwa imejipanga hivyo. Kila moja ikachapa fomu kwa mpangilio wake, na usiku uleule Mkenya akabadilisha chaneli akakuta rais mwingine. Kisha jumla zao zikaanza kusimama kabla ya mwisho, moja baada ya nyingine, bila maelezo ya kutosha. Vyombo vya habari vilipata fursa ambayo kizazi kilichotangulia hakikuiota, vikaitumia kama matokeo ya mechi.

Mfano mchungu zaidi ulitoka ndani ya tume. Makamishna wanne walijitenga na matokeo, na siku iliyofuata mmoja wao, Juliana Cherera, akasema asilimia za wagombea zilifika 100.01, na kwamba ziada hiyo ilikuwa kama kura 142,000. Asilimia 0.01 ya kura milioni 14.2 ni kama 1,420. Na yenyewe haikuwa kura za mtu: ni 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23 zilizokadiriwa hadi nafasi mbili za desimali. Faili la jedwali lenye mistari 46,229 lingelimaliza suala hilo kabla chai haijapoa, kwa yeyote mwenye kompyuta. Badala yake likazunguka nchi nzima kwa siku nyingi.

Sasa sifa, maana zipo na ni nzito. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, fomu halisi zilizobebwa hadi Bomas zililinganishwa na zilizokuwa kwenye tovuti, na Septemba 5, 2022, majaji wote saba wakasema hawakuona tofauti ya maana. Waleta kesi walidai fomu zilinaswa njiani na kubadilishwa. Walichopaswa kuleta ni nakala za mawakala wao zenye tarakimu tofauti na za tovuti, na chache walizozileta mahakama ilizikataa. Azimio, muungano wa Raila, iligombea urais, lakini haikuweza kuonyesha rundo la kuridhisha la nakala zake yenyewe. Hapo tovuti ilifanya kazi ambayo hotuba elfu zisingefanya: ilimlazimisha mlalamikaji kuonyesha karatasi. Kikundi cha waangalizi cha ELOG nacho, kwa sampuli yake, kilimkadiria Ruto asilimia 50.7 na Raila 48.7. Hata hivyo kiwango chake cha makosa kilizidi asilimia 2, kwa hiyo sampuli iliunga mkono matokeo yaliyotangazwa bila kuweza peke yake kusema kama duru ya pili ilihitajika. Kwa swali hilo ni fomu zote, au hakuna jibu.

Linganisha na Nigeria. IReV, tovuti yao ya matokeo, ina wazo lilelile, lakini ilimtaka raia afungue akaunti kwanza, na usiku wa Februari 25, 2023, picha za kura za urais zilikwama huku za wabunge zikipanda. Tume ikataja hitilafu ya kiufundi, na mahakama yao kuu kabisa baadaye ikaona kukwama huko si sababu ya kufuta uchaguzi. Tanzania hata pa kulinganishia hapapo: matokeo hubandikwa kituoni, kisha taifa husomewa jumla za majimbo. Oktoba 2025 intaneti ilizimwa siku ya kupiga kura, Samia Suluhu Hassan akatangazwa kwa takriban asilimia 98, na Ibara ya 41(7) ya Katiba inaizuia mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwa rais. Mkenya anayeidharau tovuti yake avuke Namanga.

Tatizo ni kwamba wanaofaidika na tovuti hii leo ndio walioiacha tume iwe gofu. Chebukati alimaliza muda wake Januari 2023, na nchi ikakaa hadi Julai 2025 bila kamishna hata mmoja kazini, huku chaguzi ndogo zikingoja na muda wa kupitia upya mipaka ukipita Machi 2024. Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, inaisifu tovuti kila inapotaka kumnyamazisha mpinzani, lakini haikuwa na haraka ya kuwapa mafundi wake bosi. Upinzani nao ulitumia muda huo kugawana nafasi kwenye jopo la uteuzi. Hakuna upande uliosimama kudai jedwali.

Marekebisho tunayoyataka hayahitaji muujiza wala mabilioni. Tarakimu za kila fomu zichapwe na makarani wawili wasioonana, kifaa kikatae zisipolingana, na ziwekwe kando ya picha yake, si badala yake. Yeyote aweze kupakua jedwali zima kwa mkupuo mmoja. Kubofya faili 46,229 moja moja ni adhabu. Kila picha ionyeshe saa iliyopakiwa, na ikibadilishwa kwa sababu ilipigwa vibaya, ile ya kwanza ibaki mahali pake pamoja na maelezo ya aliyeibadilisha. Tume ichapishe pia alama ya kidijitali ya kila faili, ule mfuatano wa herufi na namba unaobadilika wote hata nukta moja ya picha ikiguswa, ili fomu bandia ya WhatsApp ijulikane kwa sekunde. Na fomu za magavana, maseneta, wabunge na wawakilishi wa wadi zipande vilevile. Mwaka 2022 tovuti ilikuwa ya urais pekee, ilhali fedha za dawa na barabara za mashinani ziko mikononi mwa gavana, na huko ndiko fomu hujazwa gizani.

Asiyetaka kungoja tume ana la kufanya. Sheria inatoa siku saba tu kupeleka kesi ya urais baada ya matokeo kutangazwa, na mahakama siku 14 kuiamua, kwa hiyo ushahidi hukusanywa usiku wa kuhesabu. Wakala asiondoke chumbani bila nakala yake. Aipige picha kwenye meza tambarare, taa ikitoka kando, pembe zote nne na namba ya kituo zikionekana. Kisha apige nyingine ya ile iliyobandikwa mlangoni. Amtumie mtu mmoja tu wa chama aliyepewa kazi hiyo, kama faili na si kama picha ya kawaida ya WhatsApp, kwa sababu WhatsApp huibana picha na safu ya tarakimu ndiyo ya kwanza kufifia.