Monstera, ZZ na maua ya Usambara kwa parseli ya basi: kitalu kimoja cha Tegeta nilivyokiona

Kitalu cha kuagiza mimea kwa parseli hupimwa kwa yale kinayofanya kabla mche haujapanda basi. Picha nzuri za WhatsApp kila muuzaji anazo. Mama wa Tegeta, Dar es Salaam, ninayenunua kwake sasa, kabla hajanitajia hata bei, aliniuliza: "Sebuleni kwako jua linaingia asubuhi au jioni, mwanangu?" Nikamjibu asubuhi. Akauliza tena kama dirisha lina pazia jepesi, na kama huwa nayaacha maji ya bomba yakae kwenye ndoo au namwagilia papo kwa papo. Nimeshanunua kwa watu ambao swali lao pekee lilikuwa kama hela nimetuma au bado, kwa hiyo tofauti niliiona mapema.

Naishi Isamilo, Mwanza, nyumba ya mlimani yenye sebule inayotazama mashariki. Miti ya vivuli, miembe ya kisasa na mawaridi napata hapahapa bila shida. Mimea ya ndani yenye afya ndiyo iliyonifanya nianze kuagiza Dar. Kitalu cha huyu mama hakina bango wala ukurasa wa mtandaoni. Namba yake hupita kwa watu wanaojuana, naye ameniomba nisiisambaze kwa sababu kila boksi analifunga kwa mikono yake, akisaidiwa na binti mmoja. Ninachoweza ni kueleza kazi yake ilivyo, ili nanyi mdai kazi kama hiyo kwa wauzaji wenu.

Mzigo ninaouzungumzia ulikuwa na monstera moja (ile ya majani mapana yenye mikato), ZZ moja (ya majani mazito yanayong'aa), maua mawili ya Usambara na ficus ile ya majani makubwa mapana. Mimea yote ilikuwa Sh 120,000, ufungaji Sh 8,000, na parseli ya basi Sh 15,000. Wapo watakaosema ufungaji wa elfu nane ni ghali. Ngoja nieleze elfu nane ilifanya nini.

Siku tatu kabla ya safari aliacha kumwagilia. Udongo uliolowa ukifungiwa gizani kwenye buti la basi lenye joto, mizizi hukosa hewa na huanza kuoza njiani, tena wewe unayepokea huwezi kujua mpaka shina lilainike. ZZ aliitoa kabisa kwenye udongo, akaipangusa, akaizungushia gazeti kavu. Nilishtuka kidogo nilipoona picha. Akanitumia sauti kunieleza kwamba ZZ ina viazi chini vinavyotunza maji, na kwao ni huku huku kwetu, kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini, sehemu zenye kiangazi kirefu. Siku mbili bila udongo haziisumbui. Monstera aliiacha na udongo wake, kiroba kimefungwa kwa kamba kwenye shina ili udongo usimwagike, majani yamekusanywa taratibu kuelekea juu na kuzungushiwa gazeti laini. Maua ya Usambara, ambayo majani yake hukatika kwa kuguswa tu, kila moja alilikalisha ndani ya kikopo cha plastiki na kujaza karatasi zilizochanwachanwa pande zote mpaka jani lisiweze kucheza.

Halafu boksi lilitobolewa ubavuni. Hili la matundu wauzaji wengi hawalijui, na lina maana kubwa. Mmea uliojeruhiwa au kubanwa hutoa gesi ya ethilini, ileile inayoivisha ndizi. Ikikosa pa kutokea, majani hugeuka njano na kuanza kudondoka hata kama hayakukosa maji. Ndiyo maana alimwomba mpokea mizigo asiliweke boksi karibu na matenga ya ndizi mbivu au maembe. Juu yake aliandika MIMEA HAI kwa maandishi makubwa na mshale wa kuonyesha upande wa juu.

Boksi liliondoka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis alasiri. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku, mwaka 2023, mzigo wa mimea unaweza kupita Dodoma na Singida gizani badala ya kupikwa na jua la mchana, na hilo peke yake limeokoa majani mengi. Zaidi ya kilomita 1,100, asubuhi likawa stendi ya Nyegezi, Mwanza. Hapo ndipo huduma ilipolegea. Ofisi ya basi haikunipigia hadi mchana, na nilipofika nikalikuta boksi nje, juu ya sakafu ya saruji, jua likilipiga ubavu mmoja. Kosa hilo si la kitalu, lakini mteja anaonja huduma yote kwa pamoja. Ushauri wangu: mwombe muuzaji namba ya basi na namba ya kondakta, na ukae na simu tangu alfajiri. Usingoje kupigiwa.

Nawaza mkonge kila ninapofungua boksi la namna hii. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida; vikapitia Hamburg, na vilivyobaki hai kufika kupandwa upande wa Tanga vilikuwa 62. Mashamba makubwa ya mkonge yaliyokuja kuijaza Tanga yalianzia kwenye hivyo 62. Na mkonge ni mmea mgumu, wenye jani nene lililojaa maji. Kwa hiyo mtu anayekufikishia jani jororo la ua la Usambara likiwa zima ameifanya kazi kwelikweli.

Sasa niingie kwenye uponyaji, kwa sababu hapo ndipo kitalu hiki kilinipa thamani ambayo sikuwa nimeilipia. Kwa wiki kadhaa yule mama aliendelea kujibu picha zangu. Agizo lake la kwanza lilikuwa: "Usiupe mche chochote unachokipenda wewe. Uupe kivuli kwanza." Mimea iliyotoka gizani usiipeleke dirishani kwenye jua siku hiyo. Jani lililokaa gizani siku mbili likipigwa na jua kali huungua na kubaki na madoa meupe au ya kahawia yasiyofutika. Niliipanga yote ukutani, mbali na dirisha, penye mwanga wa kutosha kusomea gazeti bila taa. Kila baada ya siku chache nikaisogeza kidogo.

Maji ni jambo la kidole. Kichomeke kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Ukikuta ukavu, kalishe kopo kwenye beseni lenye maji kidogo, udongo uvute wenyewe kutoka chini, kisha litoe na ulichuruzishe. Ukikuta unyevu, acha, hata kama majani yamelala. Hapa ndipo watu wengi wanapoua mimea yao. Majani yaliyonyauka juu ya udongo wenye maji yanakuambia kwamba mizizi haifanyi kazi bado. Ukiongeza maji unaizamisha. Monstera yangu ililala hivyo, shingo imepinda, udongo ukiwa na unyevu wa kutosha. Dawa ilikuwa kupunguza maji yanayotoka kwenye majani. Nilichomeka vijiti vitatu kwenye kiroba, nikaifunika kwa mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha, wenye matundu machache, mfuko usiguse majani. Hewa ya ndani ikabaki na unyevunyevu, jani likaacha kupoteza maji kwa kasi, mizizi ikapata nafasi ya kujipanga. Kila asubuhi nilikuwa nafungua mfuko kwa muda ili ukungu usianze. Mfuko huo usikae juani hata dakika chache, kwa maana mmea utachemka mle ndani. Shingo ilinyanyuka pole pole, na baadaye jani jipya likachomoza likiwa limejikunja, rangi ya kijani mbichi.

Majani ya njano nilitaka kuyakata siku hiyohiyo kwa sababu yanaudhi macho. Akanizuia. Mmea huvuta virutubisho kutoka kwenye jani linalokufa na kuvipeleka kwenye machipukizi. Likishakauka litang'oka lenyewe kwa kuvutwa kidogo. La kukata mara moja ni lile lililolainika, jeusi, lenye harufu, kwa sababu huo ni uozo na unatembea. Mkasi upanguswe kwa spiriti kabla na baada.

Kuhusu mbolea alikuwa mkali. Hakuna samadi, hakuna mbolea ya maji, hakuna chochote mpaka jani jipya lifunguke. Mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kula, na chumvi za mbolea huichoma. Vilevile usikimbilie kuhamishia mimea kwenye vyungu vya kupendeza. Iliyofika na udongo wake iache humohumo wiki mbili, tatu, isipokuwa ukiona mizizi imeoza. ZZ ndiyo pekee iliyopandwa mapema, kwa kuwa ilikuja tupu. Ndani ya boksi alikuwa ameweka mfuko wa mchanganyiko wake: vumbi la makumbi ya nazi, mchanga wa mto na udongo kidogo. Nauhesabu mfuko huo kuwa kitu bora kuliko vyote vilivyomo kwenye parseli. Makumbi hushika unyevu bila kugandamana, mchanga unapitisha maji. Kwa kuwa huku kwetu makumbi ni ya kutafuta, yalipoisha nilichanganya pumba za mpunga kidogo na mchanga kwa mimea mingine, na inaendelea vizuri. ZZ niliipanda ikiwa kavu nikaiacha siku kadhaa kabla ya maji ya kwanza, ili michubuko ya viazi ikauke.

Maua ya Usambara yalinipa furaha ya pekee, nisifiche. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, na mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akaliandika kitaalamu kwa jina la Saintpaulia. Leo liko madirishani Ulaya na Marekani, wakati sisi wenye milima yake wengi hatujawahi kulifuga. Naona hilo ni jambo la kurekebishwa. Moja lilifika zima. La pili lilikuwa limepoteza majani mawili, na mama akaniambia nisiyatupe: nikate kikonyo kwa mshazari, nikichomeke kwenye mchanganyiko wenye unyevu kidogo, nifunike kwa kikopo kilekile cha safari. Baada ya miezi michache vichipukizi vidogo vilitokeza chini ya majani yote mawili. Maji usiyamwagie juu ya majani yenye manyoya, hasa yakiwa baridi, utayatia madoa. Yapitie chini.

Ficus ndiyo iliyonisikitisha. Ilifika na majani yote, na ndani ya wiki moja ikaanza kuyaangusha, moja baada ya jingine, mpaka likabaki shina lenye majani mawili kileleni. Hii ni tabia yake inapobadilishiwa mahali ghafla, na safari ya buti ni badiliko kubwa kuliko yote. Nilikwaruza gome kwa ukucha, nikaona kijani chini yake, maana yake mti ungali hai. Niliuacha palepale bila kuuhamisha, maji kidogo tu kadiri udongo unavyokauka, na sasa una macho matatu yaliyovimba. Utapona. Lakini mtu mgeni angeshautupa, na hapa nakilaumu kitalu: mama anaijua ficus vizuri, alipaswa kuniambia kabla sijalipa kwamba itavua majani.

Lawama ya pili ni wadudu. Nilipogeuza majani ya monstera nilikuta vidudu vyeupe vyenye unga vimejibana kwenye makwapa ya shina. Havikuwa vingi, nilivifuta kwa pamba yenye spiriti, nikapangusa majani kwa maji ya sabuni, nikarudia kila wiki hadi vikaisha. Bahati mimea yote ya safari nilikuwa nimeitenga chumba kingine, na nawasihi mfanye hivyo kwa kila mmea unaoingia, hata uliotoka kwa mtu mnayemwamini. Vidudu hivyo vikifika kwenye mimea ya zamani utahangaika nao mwaka mzima.

Kwa ujumla nakipa nyota nne kati ya tano. Anayetaka kuanza aagize ZZ, sansevieria (ya majani marefu yaliyosimama kama panga) au pothos (ile inayotambaa). Zinavumilia buti, giza na ofisi za parseli zinazochelewa kupiga simu. Monstera iagizwe na mtu atakayekuwa nyumbani wiki ya kwanza. Maua ya Usambara yaagizwe pale tu muuzaji anapoonyesha picha ya jinsi anavyoyafunga. Ficus kubwa sitaipandisha tena buti la basi. Nitaifuata Tegeta mwenyewe na kurudi nayo nikiwa nimeipakata. Malalamiko yangu yote mawili nimemweleza mama kwa simu. Hakujitetea. Alisema ficus ataitolea maelezo kabla ya malipo, na kuanzia mzigo ujao atapangusa migongo ya majani na makwapa kwa maji ya sabuni siku anapoacha kumwagilia. Nimeshalipia pothos mbili na sansevieria, zinaondoka Jumatatu.