Stabilaiza ya nyuma kwa gari linalovuta mbele: ipi ununue, na bati gani ukague kwanza

Wanaoingia mbio za ridhaa na gari linalovuta kwa magurudumu ya mbele hulalamika jambo moja. Wakiingia kona kwa kasi, usukani wameukata wote lakini pua inakwenda nje, na wakikanyaga mafuta tairi la mbele la ndani linazunguka bure. Jibu wanalopewa ni "funga stabilaiza nene nyuma", yaani nondo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana kwenye kona. Jibu ni sahihi. Malalamiko ya pili huja baada ya mashindano machache: nyuma inagonga kila gari likipita kwenye tuta, na ukilala chini na tochi unakuta bati la fremu limechanika kuzunguka boliti za vibano vinavyoshika stabilaiza. Mwongozo huu unahusu zaidi hilo bati, na vya kununua nimevipanga kwa umuhimu.

Kwa nini nyuma na si mbele? Gari la aina hii hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake au zaidi kwenye ekseli ya mbele. Likilala kwenye kona, uzito huhama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje. Ukikaza nyuma, sehemu kubwa ya uhamaji huo hufanyika nyuma, na tairi la mbele la ndani hubaki na uzito wa kushika lami. Ndiyo maana gari lililotengenezwa vizuri hunyanyua gurudumu la nyuma la ndani kwenye kona kali. Hilo lisikutishe. Ila lijue kama kikomo: gurudumu likishaning'inia, nyuma imemaliza uzito wa kuhamisha, na nondo nene zaidi haitakuongezea kitu hapo.

Namba moja: stabilaiza ya kurekebishika, pamoja na bamba lake la kuimarisha

Wauzaji hukutajia kipenyo tu. Ugumu wa nondo hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo, kwa hiyo kutoka mm 22 kwenda mm 24 ni ongezeko la asilimia 42 hivi, na kutoka mm 13 kwenda mm 22 ni zaidi ya mara nane. Nguvu yote hiyo inapita kwenye vibano viwili vilivyofungwa kwa boliti ndogo. Kwenye kona ya kulia kibano kimoja kinavutwa chini na kingine kinasukumwa juu. Kona ya kushoto inageuza. Bati jembamba halipendi kuvutwa huku na huku namna hiyo. Tundu la boliti linaanza kuwa la yai, rangi inapasuka kama unywele pembeni mwa washa, kutu inaingia kwenye huo mstari, kisha siku moja kipande kinang'oka na boliti yake.

Mfano unaojulikana sana ni Honda Civic za EG na EK, matoleo ya miaka ya tisini. Fremu ndogo ya nyuma ni bati lililokunjwa, na stabilaiza ya Integra Type R ya mm 22 ikifungwa hapo bila kuimarishwa, kuchanika ni suala la muda. Kampuni ya ASR inatengeneza seti yenye bamba linalogawa mzigo kwenye sehemu pana ya fremu, na kwa magari hayo nunua hiyo usihangaike. Kwa mengine, mimi ni wa stabilaiza za kampuni ya Whiteline, na sijifichi. Ncha zao huwa na matundu zaidi ya moja, kwa hiyo unabadilisha ugumu kwa kuhamisha linki (kijiti kifupi kinachounganisha ncha ya nondo na mkono wa gurudumu) badala ya kununua nondo nyingine. Tundu lililo karibu na mwisho wa mkono ni laini; ukirudi ndani mkono unakuwa mfupi na nondo inakuwa ngumu.

Nondo yenye uwazi ndani isikutie shaka. Ya mm 25 yenye ukuta wa mm 4 inapoteza asilimia 21 tu ya ugumu wa ile iliyojaa na inapunguza karibu nusu ya uzito. Tatizo ni kwamba muuzaji hasemi unene wa ukuta. "Ina mm 25" peke yake haina maana, na anayeuza nondo ya mashindano bila kujua namba hiyo anauza bomba. Mbaya zaidi ni mtindo wa kuuza nondo leo na bamba la kuimarisha kando kwa bei yake, tena bila kukutajia kwamba bamba lipo. Mteja anaambiwa akisharudi na fremu iliyochanika.

Kabla ya kufunga, sugua eneo la vibano kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, umulike kila tundu. Ukiona ufa, fremu ichomelewe na kuongezwa bamba, au ibadilishwe. Washa kubwa inaficha ufa, haiuzuii. Paka grisi ya silikoni ndani ya bushi za poliyurethani, kaza vibano, kisha, linki zikiwa bado hazijafungwa, inua ncha ya nondo kwa mkono. Inatakiwa ipande na kushuka bila kukwama. Ikikaa pale ulipoiachia, bushi zinabana, na nyuma itakuwa inashika na kuachia ghafla badala ya kujipinda taratibu. Linki zifunge gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwenye sakafu iliyo sawa. Boliti ya linki ya mwisho iingie kwa vidole. Ukilazimika kuivuta kwa nyenzo, nondo tayari imejipinda na gari litakata kona za upande mmoja vizuri kuliko za upande mwingine. Linki zenye urefu wa kurekebishika zinamaliza hilo.

Magari yenye ekseli ya nyuma ya kujipinda, yaani boriti moja inayounganisha magurudumu mawili, hayana linki. Nondo hufungwa moja kwa moja kwenye ekseli na kujipinda pamoja nayo. Hapo angalia klampu: zikilegea kidogo nondo inazunguka bila kufanya kazi, nawe unadhani umenunua nondo laini. Zikaze upya baada ya mashindano ya kwanza. Na kwa kila gari, shusha na kupandisha magurudumu mpaka mwisho wake uone kama nondo inagusa bomba la moshi, tangi au waya za breki.

Anza na tundu laini kabisa. Sogeza tundu moja kwa wakati mmoja, na mabadiliko madogo yafanye kwa upepo wa matairi ya nyuma, psi 2 juu au chini. Mvua ikinyesha rudi tundu laini au fungua linki ya upande mmoja uache nondo ining'inie, ila ifunge isigonge.

Namba mbili: shokapu, kisha springi

Koni Sport, zile za njano, ndizo zinazofuata. Unarekebisha nguvu ya kurudi, yaani shokapu inapotanuka, na ndiyo inayohitajika kutuliza springi ngumu. Kwa magari mengi shokapu ya nyuma lazima itolewe, ibanwe mpaka chini ndipo izungushwe, kwa hiyo usitegemee kuigusa katikati ya mashindano. Wanaoshindana kwenye saketi huweka springi za nyuma ngumu kuliko za mbele. Inafanya kazi, ila si kwa shokapu za zamani. Nyuma itarukaruka kwenye mabaka ya lami na mkia utachomoka ukiachia mafuta katikati ya kona.

Soma kanuni kwanza. Kwa SCCA, klabu ya mbio za magari ya Marekani, madaraja ya Street katika mbio za kupishana koni yanaruhusu kubadilisha stabilaiza moja tu, ya mbele au ya nyuma, na kubadili ugumu wa springi hakuruhusiwi. Hiyo ni sababu nyingine ya stabilaiza kukaa juu ya orodha hii.

Namba tatu: vya alaimenti

Mikono ya nyuma ya kurekebishika, au shimu za chuma za mshazari kwa ekseli ya kujipinda. Elekeza magurudumu ya nyuma sambamba kabisa, au yafunguke mbele mm 1 hadi 2 kwa jumla kama kona ni za polepole; gari litageuka kwa hamu. Kwenye saketi ya kasi fanya kinyume, yafunge mm 1 hadi 2, usije ukazunguka kwenye kona ndefu. Mlalo wa tairi (camber) nyuma uwe pungufu ya mbele kwa nyuzi 1 hivi. Ukiweka shimu, hesabu meno ya boliti yanayobaki ndani. Shimu nene inaiba meno, na boliti hiyo ndiyo inayoshika gurudumu.

Namba nne: bushi ngumu

Hapa watu wanapoteza fedha. Bushi kubwa ya mkono wa nyuma wa Civic hizo hizo inalazimika kujigeuza pande kadhaa kwa wakati mmoja. Ukiweka poliyurethani iliyojaa, mkono unakwama na nyuma inakuwa ngumu kwa namna usiyoweza kuirekebisha. Weka mpira mpya mgumu, au kiungo chenye tufe la chuma kama kanuni zinaruhusu. Boliti za bushi za mpira zikazwe gari likiwa chini, kwa urefu wake wa kawaida, la sivyo mpira unabaki umesokotwa na unachanika mapema.

Za bei poa

Springi zilizokatwa: hapana. Seti za shokapu za kushusha gari zinazodai kufaa magari ishirini: hapana pia. Stabilaiza iliyotumika kutoka toleo la kasi la gari lako ndiyo pekee ya kufikiria, na hata hiyo uliza vibano vyake vya asili vipo. Ikija bila vibano, fundi atakutengenezea vya bati jembamba, na utarudi chini ya gari na tochi kutafuta ufa.