Wakala wa tiketi wa Mlandege: safari ya familia kwenda Seoul kuasili mtoto

Kwa familia inayotoka Unguja kwenda Korea Kusini kuasili mtoto, tiketi isiyobadilishika ni hasara, kwani tangu 2012 sheria ya huko inataka idhini ya mahakama ya familia, nayo tarehe yake haipangwi na msafiri. Wakala huyu alilielewa hilo kabla hatujamaliza kueleza: alitukatia tiketi za kupitia Doha zenye ruhusa ya kusogeza siku ya kurudi, na ya mtoto akaiacha hadi paspoti yake ipatikane, jina lisije likapishana hata herufi moja. Wanetu wakubwa walipangiwa viti vya pembeni yetu. Kasoro ni ada ya mabadiliko, ambayo hatukuambiwa mapema (na risiti yake tuliidai wenyewe).