Samaki wa ukutani: wa faiba au wa ngozi?

Wengi huliuliza swali hili wakiwa wamechelewa. Samaki wa maisha yao ameshakufa, amelala kwenye barafu, rangi zimepauka, ndipo wanatafuta fundi wa kumtengeneza atundikwe ukutani. Liamue jambo hili kabla hujatupa mshipi, kwa sababu uamuzi wako ndio utakaosema kama samaki huyo anarudi majini au harudi.

Kwanza tuelewane kuhusu samaki wa ngozi, maana watu humdhania kuwa ni samaki mzima aliyekaushwa. Fundi humchuna, huikwangua ngozi nyama na mafuta, huitia dawa, kisha huivalisha juu ya mwili wa povu gumu uliochongwa kwa umbo lake. Macho ni ya kioo. Ngozi ikikauka hupoteza rangi na kubaki na wekundu wa karatasi ya kaki, kwa hiyo samaki mzima hupakwa rangi upya, kuanzia mdomo hadi mkia. Wa faiba, yaani plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, hutolewa kwenye kalibu iliyochukuliwa kwa samaki halisi wa jamii hiyohiyo, mwenye urefu na mzingo unaokaribia wa kwako, naye hupakwa rangi vilevile. Yaani kwa wote wawili, kile macho yako yanachokiona ukutani ni kazi ya brashi.

Ndiyo maana namba moja kwangu ni faiba, tena kwa mbali. Samaki wako anaogelea. Katika jamii nyingi za samaki wale wakubwa kabisa ni majike, na jike kubwa hubeba mayai mengi mno kuliko jike dogo. Kumrudisha ni kuyaachia maji mbegu. Isitoshe, faiba haina mafuta ya kuvuja, haina nyama ya kusinyaa, na wadudu wanaotafuna ngozi kavu hawana cha kutafuna.

Kazi yako ni kumletea fundi vipimo na picha. Pima urefu kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, kisha zungusha utepe pale mwili ulipo mnene kuliko kwingine. Mpige picha pande zote mbili akiwa bado amelowa, na nyingine ya karibu ya kichwa, ya mapezi, na ya doa au kovu lolote alilo nalo. Fanya haraka. Fulusi, kwa mfano, ile dhahabu na kijani chake hufifia dakika chache tu baada ya kufa. Mshike kwa mikono iliyolowa, umlaze, umtegemeze tumbo. Samaki mzito asining'inizwe kwa taya.

Ukienda kuchagua fundi, omba kuona samaki aliyekwisha kumtengeneza na umsogelee uso kwa uso. Pitisha kidole mgongoni na tumboni: hapo ndipo nusu mbili za kalibu hukutana, na mshono usisikike. Mwinue kuelekea dirishani. Pezi zuri hupitisha mwanga, pezi baya ni kipande kinene kama kijiko cha plastiki. Chungulia mdomoni, maana fundi mvivu huacha koo tupu au hulipaka rangi moja tu ya waridi. Kisha tazama madoa. Yakiwa yamelingana kabisa kushoto na kulia, yamepigwa kwa karatasi iliyotobolewa, na samaki hai hayuko hivyo. Kabla ya kulipa, uliza pia vipimo vya kalibu atakayoitumia. Kama inapishana sana na samaki wako, utapata samaki wa mtu mwingine.

Namba mbili ni ngozi yenye kichwa cha bandia, na mara nyingine mapezi ya bandia pia. Hii nawashauri waliokuta samaki amemeza ndoana hadi ndani, hana maisha tena. Kichwa ndicho hukauka vibaya na kusinyaa, kwa hiyo kukibadilisha ni busara.

Namba tatu ni ngozi tupu, kichwa na yote. Nilikuwa nayo, ya trauti, niliyempenda kuliko kitu chochote ndani ya nyumba. Mwaka wa tatu shavu liliingia ndani, na chini ya kifuniko cha matamvua likatokea tone la njano, linanata, limeshika vumbi. Fundi alikuwa ameacha mafuta kwenye mashina ya mapezi. Nililifuta, likarudi. Trauti na salmoni, kwa mafuta yao na magamba yao madogo, hawasamehe kosa hilo. Samaki wa magamba makubwa na ngozi ngumu huvumilia zaidi, na mikononi mwa fundi hodari anaweza kukaa miaka mingi. Papa usijaribu. Sulisuli nao siku hizi karibu wote unaowaona kutani ni faiba.

Ukiamua ngozi, usimpasue tumbo wala kumparua. Laza mapezi yashikane na mwili, mfunge kwa taulo lililolowa, mtie kwenye mfuko wa plastiki usio na hewa, umlaze bapa ndani ya friza. Gazeti usitumie, linanyonya unyevu wa ngozi. Mkia usikunjwe, kwani pezi lililoganda huvunjika kama biskuti.

Asiye na uwezo wa hayo yote asikate tamaa. Wavuvi wa Japani tangu karne ya 19 humpaka samaki wino na kumlazia karatasi juu yake, wakapata alama ya kila gamba kwa ukubwa wake halisi. Huiita gyotaku. Ni karatasi iliyomgusa samaki mwenyewe, jambo ambalo faiba haiwezi.

Wa mwisho kabisa ni samaki wa ngozi wa zamani anayeuzwa mkononi. Katika karne ya 19 na sehemu kubwa ya karne ya 20 mafundi walitia ngozi arseniki ili wadudu wasiile, na sumu hiyo haipotei. Usimpige msasa, usimkwangue rangi, usimtundike chumba cha mtoto. Kama tayari unaye, mweke ndani ya kabati la kioo na unawe mikono kila unapomgusa.