Hema letu la watu sita: kipaimara, ubatizo na masika ya Lushoto

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tangu watu waone picha za kipaimara cha binti yetu nimeulizwa sana kuhusu hili hema, lilinunuliwa wapi, bei gani, linavuja au halivuji, sasa nimeona niandike yote sehemu moja maana tumeshalitumia vya kutosha, limesimama Lushoto, limesimama Saadani, hadi uani kwa bibi yao Machame limesimama, kwa hiyo naongea kitu ninachokijua.

Lilikujaje nyumbani? Binti alikuwa anamaliza mafundisho, na sisi Walutheri mnatujua, miaka miwili ya darasa, Jumamosi hakuna kulala, amri kumi na maelezo yake yote kichwani. Hata mtihani hajafanya tayari ukoo umeshaanza kupanga kamati, ukumbi, MC, keki ya ghorofa, sare za mama wadogo. Nikakaa na baba watoto tukapiga hesabu ya ukumbi peke yake tukaangaliana. Mi sina neno na wanaofanya sherehe kubwa, kipaimara kina haki ya kushangiliwa kabisa, ila mwenye siku yake tulipomuuliza anataka nini akasema anataka twende mahali sote tukakae, simu zizimwe. Basi mchana ule tukala pilau nyumbani na wasimamizi wake na watu wa jumuiya, tukaimba, tukaomba, na ile hela ya ukumbi ikageuka hema, magodoro ya upepo na mafuta ya gari ya kwenda Lushoto. Na hema lenyewe halikufika hata laki tatu.

Chapa yake siitaji, ni yale mahema ya familia ya duara yanayouzwa sana mjini, kitambaa poliesta, fito za faibaglasi, na boksi limeandikwa watu sita. Hao watu sita ni sita kweli kama wanalala ubavu bila kugeuka na mabegi yabaki kwenye gari. Kwa raha ni watu wazima wawili na watoto watatu, ndivyo tulivyo sisi, na bado mabegi tunayapanga miguuni. Katikati mtu wa urefu wa kawaida anasimama wima, hilo ni jambo kubwa kwa mwanamke anayetaka kuvaa kitenge chake vizuri asubuhi ya ibada, amini. Kusimamisha tunasimamisha wenyewe na watoto, sasa hivi wakubwa wameshajigawia kazi, mmoja fito, mmoja pegi, na hawataki baba aguse.

Kwenye boksi kuna namba watu wengi wanaipita, milimita 2000. Hiyo maana yake kitambaa kinapimwa kwa kuwekewa maji juu yake, kinaweza kubeba kimo cha maji cha milimita 2000, yani mita mbili, kabla maji hayajaanza kupenya. Kwa juu inatosha mvua zetu nyingi. Kwa chini mimi ningependa zaidi, 3000 kwenda juu, kwa sababu chini unapiga magoti, unakaa, unakandamiza maji yaingie kwa uzito wako mwenyewe. Sisi tunatandika turubai chini ya hema, na hapa sikilizeni vizuri, turubai liwe dogo kidogo kuliko sakafu ya hema, likitokeza nje linakinga maji ya mvua na kuyapeleka moja kwa moja chini ya mgongo wako. Majirani zetu wa kambini turubai lao lilitokeza pande zote na magodoro yao asubuhi yalikuwa yanakamuliwa.

Safari ya kipaimara tulikwenda Irente. Kwa ambao hamjafika, ukitoka Dar unapita Chalinze, Segera, Korogwe hadi Mombo, pale unaacha barabara kuu unaanza kupanda, kona juu ya kona, unapita Soni na maporomoko yake, unafika Lushoto ambako Wajerumani walikuwa wanapaita Wilhelmstal. Irente iko kilomita chache tu kutoka mjini, na kuna shamba la kanisa letu la Kilutheri, KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, wanatengeneza jibini yao wenyewe na jamu, na wageni wanaruhusiwa kupiga kambi. Ukisogea mbele zaidi unafika kwenye jiwe la Irente, milima inakatika ghafla na chini huko karibu mita elfu moja unaona Mazinde, mashamba ya mkonge yamepangwa mistari, magari ya barabara kuu kama siafu. Upande wa mama yangu ni Wasambaa wa Mlalo, huko juu zaidi, wamisionari wa Kijerumani wa misheni ya Bethel walifika pale 1891, kwa hiyo kwangu ile haikuwa pikiniki tu, nilitaka binti aone imani aliyoikiri mbele ya madhabahu ilipandia wapi kuja kwetu.

Pale kwenye jiwe baba yake akamsomea Zaburi ya 121, "Nitayainua macho yangu niitazame milima", akamwekea mkono kichwani akamwombea. Hakuna MC hakuna spika, upepo tu, na mdogo wake amemshika gauni asisogee ukingoni. Binti alilia, na baba yake alilia. Kama una mtoto anakaribia kipaimara nakuomba sana ufikirie kitu cha namna hii, hata ukifanya na sherehe, mpe na siku kama hiyo.

Usiku baridi ya Lushoto haina mchezo, hasa Juni hadi Agosti, na hema la poliesta halina joto lolote, linazuia upepo na mvua basi. Beba mablanketi mazito na uweke kitu katikati ya godoro la upepo na mwili, maana hewa iliyo ndani ya godoro inapoa na inakuvuta joto kutoka chini, sisi tunatandika blanketi moja chini na mawili juu. Na naomba hili niliseme kwa herufi kubwa, USIINGIZE JIKO LA MKAA NDANI YA HEMA. Najua baridi ikibana mtu anatamani, anasema nitaacha zipu wazi kidogo. Ule moshi usioonekana hauna harufu na unaua watu wamelala, familia nzima. Pikeni nje, mkimaliza jiko libaki nje.

Sasa kuvuja. Tulirudi Lushoto tena wakati wa Pasaka, na Pasaka huwa inaangukia kwenye masika, mvua ya Usambara inashuka kweli. Jumamosi usiku ikaja na radi, hema linapigwa huku na huku, watoto wote wamehamia kwetu katikati. Hapo ndo nikaona kasoro ya hema letu, kona moja ya nyuma pale mishono mitatu inapokutana, ile tepu inayobandikwa kwa ndani ya mshono kiwandani haikufika. Kitambaa kilikuwa kizima kabisa ila kwenye matundu ya sindano tone lilikuwa linajikusanya taratibu, linanenepa, linakimbia na uzi hadi kwenye begi la mwanangu wa pili. Nikatega sufuria. Na katikati ya hizo radi huyo wa pili, ambaye kwenye ibada ya nyumbani ukimwambia aombe anaangalia chini na anasubiri upite, akaanza kuomba kwa sauti bila kuambiwa na mtu. Akamshukuru Mungu kwa hema, akaombea watu ambao nyumba zao zinaingia maji, akasema amina, akalala. Mimi nikabaki macho na tochi yangu nalia kimya kimya. Mtoto wa miaka kumi nimemfundisha kuomba tangu anaongea, na siku yenyewe imekuja kwenye mvua porini. Asubuhi tukavaa nguo zenye unyevu tukaenda ibada ya Pasaka kanisani Lushoto, tukaimba amefufuka hadi sauti zikakauka.

Huo mshono tulitengeneza wenyewe baadaye. Muuzaji wetu tulipomrudia alisema hayo ni mambo ya kiwandani na hakutaka kusikia habari ya kubadilisha, hilo lilinisikitisha maana risiti tulikuwa nayo na hema lilikuwa bado jipya. Shemeji akatuletea gundi maalumu ya mishono ya hema kutoka Nairobi, unaipaka kwa brashi ndogo hema likiwa kavu na safi, unaacha ikauke vizuri kabla ya kukunja. Msipake silikoni ya madirishani, kwenye kitambaa cha aina hii haishiki, inabanduka kama ngozi. Tangu tupake hakujavuja tena pale, na mvua limeshapigwa nyingi.

Halafu kuna maji mengine watu wanadhani ni kuvuja na sio. Mnalala watu watano, mnapumua usiku kucha, ule mvuke unapanda unakutana na kitambaa cha baridi unageuka matone, asubuhi ukigusa dari unaoga. Dawa yake ni kuacha madirisha ya juu wazi hata kama ni baridi, na kile kifuniko cha nje kivutwe na kamba zake zote kisigusane na hema la ndani. Zile kamba za pembeni watu wanaziona mapambo, wanaziacha kwenye mfuko. Zifungeni.

Saadani ilikuwa habari nyingine. Watoto waliifurahia kupita kiasi, hifadhi inagusa bahari, mchana wanyama, jioni mawimbi, na baba yao aliwasomea habari ya Yesu kuandaa samaki juu ya mkaa ufukweni wakati na sisi tumebanika samaki hapo hapo, wakabaki wameduwaa. Ila kama hema, pale nalipa alama ndogo. Saa mbili asubuhi jua likishapanda ndani ni tanuri, hakuna mtu anakaa, kulala mchana sahau. Pegi zilizokuja nalo ni vile vyuma vyembamba, kwenye mchanga zinachomoka zenyewe upepo ukivuta, tukajaza viroba mchanga tukafungia kamba tukavifukia, ikashika. Na chumvi na mchanga vinakula zipu, ukirudi nyumbani zisuguliwe kwa mswaki na maji baridi, zikikauka pitisha mshumaa juu ya meno yake, zinateleza vizuri.

Machame tulilipeleka kwenye ubatizo wa kitinda mimba wetu. Kwa wakwe ni Walutheri tangu babu wa babu, misheni ya Machame ni ya 1893, kwa hiyo ubatizo kule unajua mwenyewe, ukoo unashuka wote na nyumba haitoshi. Tukasimamisha hema uani kwenye migomba, vijana wakalala humo, wakaimba nyimbo za kwaya hadi bibi akatoka na fimbo ya mzaha kuwanyamazisha. Hapo ndo fito moja ilipasuka, binamu mmoja aliegemea. Faibaglasi ikipasuka inachanika nyuzi nyuzi na zinachoma vidole vibaya, msizishike mikono mitupu. Fundi baiskeli pale barabarani akakata kipande cha bomba jembamba la aluminiamu akakivika juu ya ufa, tukazungushia solotepu, hadi leo kinafanya kazi. Kwa hiyo kwenye begi la hema sasa kuna kipande kingine cha bomba cha akiba, solotepu na kamba.

Nalipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa ajili ya ule mshono na zile pegi, kwa sababu familia inayonunua hema la kwanza haiwezi kujua hivyo vitu hadi ilowe. Kwa milima yetu, Lushoto, Machame, nalipendekeza bila wasiwasi. Kama nyinyi ni watu wa ufukweni zaidi tafuteni lenye kivuli kikubwa mbele na madirisha ya neti pande zote. Kulitunza, usilikunje likiwa bichi, hata kama mmefika nyumbani usiku mmechoka litandazwe barazani, ukungu ukishaingia ile harufu haitoki, na usiliache limesimama uani wiki nzima watoto wachezee, jua linachosha poliesta hadi inachanika kama karatasi.

Na ukienda kununua mwambie muuzaji alisimamishe palepale dukani kabla hujatoa hela. Ingia ndani, funga zipu zote, mwambie mtu amulike tochi kutoka nje taratibu kwenye kila mshono hasa kona za nyuma, ukiona mwanga unapenya kwenye matundu ya sindano yasiyofunikwa na tepu mwambie alete lingine. Hesabu fito na pegi na boksi likiwa mkononi, na akuandikie kwenye risiti kwamba ukikuta mshono haujazibwa anabadilisha.