TAHADHARI: Muuza rimu za 5x100 (nati tano kwenye duara la milimita 100) anayezunguka magereji ya Arusha na Moshi

Wadau, yaliyomkuta dogo wa GC8 ya bluu (Subaru Impreza ya rali) yasimkute mwingine. Laki tisa imekwenda, tena fundi kasimama pembeni anaangalia. Aibu gani hii!

Ila msimcheke. Huyo jamaa maneno anayo. Anakufuata gereji na rimu nne za inchi 15, upana 7J (inchi 7). Anakutajia saizi ya tairi, 205/65R15, kabla hujauliza, na anakueleza kwa nini inchi 17 yenye ubavu mwembamba wa 45 inapasuka kwenye mawe ya Monduli. Na ni kweli tupu! Kisha anapiga jeki, anavua tairi la mbele kulia, anafunga rimu yake, anakaza nati zote tano, anazungusha kwa mkono. Tuli. Nani angekataa? Kumbe hiyo ndiyo rimu nzima pekee. Tatu zilizobaki hazisogezwi karibu na gari mpaka hela isome kwenye simu yake.

Hizo tatu ni za Toyota. 5x100 ni kweli, lakini tundu la katikati ni milimita 54.1, na hab ya Subaru (kitovu ambacho rimu inakaa) ni 56.1. Akaenda kuzikereza, zikakerezwa upande, tundu halipo tena katikati. Hab inavuta huku, nati zinavuta kule. Ukifika 80 usukani unatetemeka, nati zinalegea, mwisho stadi (boliti zinazoshika rimu) zinakatika. Ofseti nayo (umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye hab) ni 38 badala ya 53: gurudumu limetoka nje milimita 15, shokapu ikibonyea tairi linakula fenda.

Huyu ni wa kulala ndani, na mkerezaji wake amfuate! Stadi ikatike konani, dereva msaidizi kakaa na noti zake za njia mapajani, halafu uniambie ni biashara?

Dalili zilikuwepo. Rangi nyeusi mbichi nyuma ya spoki, pale penye namba ya ofseti. Nati za uzi wa 12x1.5 kwenye stadi za uzi wa 12x1.25. Tairi zimefungwa upande wa tarehe ukiwa ndani (2313 ni wiki ya 23, mwaka 2013), kashata (meno ya tairi) zimechongwa upya hadi karibu na nyaya za ndani ya tairi.

Kama ulishanunua kwake, gari lisiende kwenye rali ya TPC, kule mashamba ya miwa ya Moshi. Vua rimu, pima kutoka ukingo wa tundu la katikati hadi kila tundu la stadi: vipimo vitano vilingane. Ujumbe wa muamala usiufute, polisi watauhitaji.